Mama mkwe wangu alivyotupa mpira wangu wa pekee kwa kindege cha kawaida

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya, miaka mingi nasoma nyuzi za watu nacheka peke yangu, leo ndiyo nafungua wa kwanza. Niko Bukavu, huku Kongo, kwa hiyo mkiona Kiswahili changu kinachechemea mnivumilie. Ninachosimulia kimenitokea ndani ya nyumba yangu na wahusika wote wako hai, wanaweza kunikatalia.

Siasa sitaingia. Hali ya huku mnaisikia redioni. Mods msiufunge uzi, unahusu game na mama mkwe tu.

Tuanze na game.

Wenye umri wangu mtaijua hata nisipoitaja jina. Ile ya kutembea kwenye majani, mnyama wa ajabu anakutokea, unapigana naye mpaka anachoka, halafu unamtupia mpira. Akikubali anaingia ndani, anakuwa wako. Akikataa anatoka na mpira wako umepotea. Mipira ya kawaida inauzwa dukani humo humo ndani ya game, unanunua hata mia ukitaka.

Lakini kuna mmoja hauuzwi.

Unapewa mara moja tu, game nzima. Huo haukosi. Hata mnyama mwenye nguvu kuliko wote, ukimtupia huo, kwisha habari yake. Una jina lake la kishua, ila sisi vijana wa Uvira tulikuwa tunauita Sûre, kwa maana una uhakika nao.

Sasa, mwisho wa game kuna pango mlimani, na ndani ya pango kuna mnyama mmoja mkubwa. Anatokea mara moja. Ukimpiga kupita kiasi akazimia, basi, humwoni tena maisha yako yote. Kila mchezaji anaitunza Sûre kwa ajili ya yule.

Mimi nilifika mpaka mlangoni mwa lile pango nikiwa nasoma sekondari. Nikasave hapo nje. Sikuingia.

Sijui nilikuwa naogopa nini. Nimesoma chuo, nimeanza kazi, nimeoa, na ile save iko pale pale. Mara moja moja nawasha, nafungua begi, naangalia Sûre iko, nazima. Roho inatulia. Wachezaji wenzangu mnanielewa.

Tuiache hapo kwanza, tuje kwa mama mkwe.

Kwetu sisi ni Waislamu, wauza vitenge pale Uvira, ukoo wetu ulitokea upande wa Ujiji zamani sana. Mke wangu anaitwa Noëlla, kabila lake Mushi, kwao ni Bagira, mtaa wa milimani hapa Bukavu, Mkatoliki, mfamasia. Tulikutana kazini, mimi niko logistique, mambo ya usafirishaji, kwenye shirika moja, yeye alikuwa anasimamia dawa. Kupendana kwetu kungekuwa uzi mwingine, tuache.

Mama yake ni mjane, mwalimu mstaafu wa ushonaji. Alifundisha wasichana wa Bagira kukata na kushona mpaka macho yakaanza kuchoka. Mwanamke wa maneno machache, mgongo umenyooka, nguo haina mkunjo hata siku ya mvua.

Hakutaka ndoa yetu. Hakutukana mtu, hakupiga kelele. Siku ya ndoa ya serikali, pale commune, alikuja amependeza, akatia sahihi, akasalimia ukoo wangu wote kwa mkono, na kabla chakula hakijaletwa akawa ameondoka.

Tangu siku hiyo hakuwahi kula kwangu. Kila akija anakuwa ameshiba.

Na mimi alikuwa hanisemeshi. Najua mila, mkwe wa kiume na mama mkwe wanakaa mbalimbali kwa heshima, hilo nalikubali. Lakini yake ilizidi. Mimi nimekaa kwenye kiti, yeye kwenye kiti cha pili, halafu anasema: "Noëlla, uulize bwana yako kama atakunywa chai."

Noëlla ananigeukia, "Utakunywa chai?" Namjibu Noëlla. Noëlla anamjibu mama yake. Chai inakuja.

Miaka ilienda hivyo.

Mwaka jana Noëlla akiwa na mimba changa akapata kazi ya muda mfupi Uvira, kuhesabu stock ya dawa na kurudi. Akafikia kwa mama yangu. Kazi ikaisha, na wakati anafunga begi, barabara ya bondeni, ile ya Uvira kuja Bukavu, ikafungwa. Leo wanasema inafunguliwa, kesho wanasema subiri. Sisi wa huku tumezoea kusubiri, lakini mimba haisubiri mtu.

Basi yeye kule, mimi huku. Ofisi yetu nayo ikafunga milango kwa muda, tukaambiwa tukae nyumbani. Tukabaki wawili, mimi na Espérance, mdogo wake Noëlla, yuko chuo kikuu na anaishi kwetu. Tunamwita Espe.

Asubuhi moja ya mvua Espe akaja mlangoni kwangu mbio. "Beau," yaani shemeji, "maman ameanguka."

Mnaoijua Bagira mnajua zile njia, udongo mwekundu, mvua ikinyesha ni kama mtu amepaka sabuni. Mama alikuwa anatoka kanisani. Mguu umevunjika chini ya goti.

Tulipofika tukamkuta kwenye kibaraza cha jirani, majirani wamemfunga vipande vya mbao. Gari haliwezi kufika pale. Lazima abebwe mpaka barabarani.

Nikainama mbele yake, nikampa mgongo.

Akamwangalia Espe. "Uambie bwana ya dada yako asimame. Mukwe hawezi kunibeba."

"Maman, mutu mwingine iko wapi?"

"Nitabaki hapa hapa."

Wakuu, mguu umevimba kama kiazi na mama bado anahesabu heshima. Jirani mmoja mzee akapata akili, akaleta kiti cha mbao. Tukamkalisha, tukabeba wanne, mimi kona ya nyuma. Njia nzima alijifunika uso na kitenge ili asinione ninavyomwona. Mvua ilikuwa inanyesha, mimi nateleza, nasikia anasali rozari humo ndani ya kitenge.

Hospitali wakamtia plâtre, plasta ngumu ya mifupa, mpaka juu ya goti. Daktari akasema asipande wala asishuke milima kwa muda mrefu. Kwake ni mlima mtupu. Kwangu kuko tambarare na hospitali iko karibu.

Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Tulimleta.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu, sitawadanganya. Espe alikuwa anamwogesha asubuhi halafu anaenda chuo. Mimi nabaki na mama mkwe sebuleni, yeye kwenye kochi mguu juu ya mto, anaangalia dirishani. Mimi meza ya upande wa pili, najifanya nasoma kompyuta wakati hata umeme hakuna.

Napika maharagwe na ugali, namwekea kwenye kistuli, natoka nje. Nikirudi sahani iko tupu. Hakuna aliyesema kitu. Kwa hiyo chakula cha kwangu alianza kukila kimya kimya, na mimi nikajifanya sijaona.

Siku moja mchana nikachoka kujifanya. Nikatoa ile game. Kidude chenyewe kizee, bawaba imevunjika nimeifunga kwa gundi ya karatasi, lakini bado kinashika chaji. Nikawa natembea tembea kwenye majani, nacheza bila kuwaza.

Nikasikia sauti.

"Ile kitu iko inalia juu ya nini?"

Nikageuka kumtafuta Espe. Espe hayupo. Ilikuwa ni mimi nasemeshwa.

"Ni game, Maman. Kuko nyama za pori, mi nazikamata." Huku kwetu mnyama tunamwita nyama tu.

"Unazikamata na nini?"

"Na mipira. Zinaingia mu mupira."

Akakitazama kidude.

"Na kisha zinakula nini?"

Nimecheza hiyo game tangu sijaota ndevu na hakuna siku moja niliwaza zinakula nini.

"Sijue, Maman."

"Unafunga nyama mu mupira na haujue inakula nini." Akarudi kwenye dirisha lake.

Kesho yake, saa zile zile, akanyoosha mkono. "Leta nione."

Nikamletea na miwani yake. Akashika kile kidude kama mtu anayeshika cherehani ya mwanafunzi, kwanza anakikagua kasoro. Akaona ile gundi, akatikisa kichwa. Maandishi ni Kifaransa, hilo kwake si tatizo, Kifaransa chake kinanishinda mimi.

Akaanza, kwenye save yangu ile ile, akashuka mlima mpaka vijiji vya mwanzo.

Wakuu, sijawahi kuona mtu anacheza vile. Hana haraka. Kila mtu wa kwenye game anaenda kumsalimia. Kila nyumba anaingia. Mnyama akitokea anamwangalia kwanza, anasema "huyu iko na njaa" au "huyu iko na kiburi", ndipo anaamua apigane naye au amwache aende.

Na anawapa majina. Mmoja mnene anayelala hata katikati ya vita akamwita Bourgmestre, meya. Mwingine anayekimbia kabla hajapigwa akamwita Député, mbunge. Mods, hayo majina ni yake, si yangu.

Espe alirudi chuo siku moja akatukuta tumeinamia kioo kimoja, vichwa viwili, mama anauliza "sasa nibonyeze wapi" na mimi namwelekeza. Alisimama mlangoni na begi lake.

"Maman, unazungumuza naye?"

"Nazungumuza juu ya nyama," mama akasema bila kuinua macho.

Ndivyo tulivyoishi. Juu ya mambo mengine yote bado alikuwa anapitia kwa Espe. Kuhusu dawa zake, kuhusu chumvi ya maharagwe, kuhusu habari za Noëlla. Lakini tukiwasha game ananiambia mimi moja kwa moja. Kama kulikuwa na sheria, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu.

Nilimfundisha begi pia. Mipira hii ya kawaida, hii ya nguvu kidogo. Tulipofika kwenye Sûre nikasema, "Hii njo ya mwisho, Maman," yaani hii ndiyo ya mwisho. Akasema sawa. Tukapita.

Kumbukeni hayo maneno.

Sasa, mtaa wetu réseau ya simu ilikuwa ya shida kipindi kile. Kuongea na Uvira ilibidi nishuke mpaka karibu na ziwa, kuna sehemu watu wanasimama wengi wameinua simu kama wanaomba mvua. Nilikuwa naenda kila baada ya siku mbili tatu.

Siku hiyo nilipofika, kabla sijapiga, simu ikaanza kulia. Mama yangu.

"Idi, usishtuke." Mama akianza hivyo ujue ushtuke. "Noëlla ametoka damu. Tuko hospitali. Daktari anasema mtoto bado yumo, lakini tusubiri."

Nikamuuliza nije vipi. Akasema, "Utapita wapi, mwanangu? Kaa huko huko. Na usimwambie mama yake. Mguu haujapona, akisikia hili atainuka, ataanguka tena."

Nilipanda kurudi nyumbani polepole. Njiani nilikuwa najipanga uso. Nitaingia hivi, nitasema Noëlla anawasalimia, nitaenda jikoni.

Nikafungua mlango.

"Bwana! Kuja uone!"

Mama mkwe amekaa wima, miwani imeshuka puani, anacheka. Sikuwahi kuona meno yake. Espe amesimama nyuma ya kochi naye anacheka.

"Nimemukamata! Alinisumbua, huyu, tangu saa sita! Mipira yote alikataa, yote, inafunguka, inafunguka. Nikamaliza begi. Nikabakia na ya mwisho. Nikatupa. Akaingia, paa, hakutoka!"

Nikachukua kidude nikaangalia.

Kindege. Kile cha kahawia, cha kwenye majani ya kwanza kabisa, ambacho mtoto anakikamata dakika ya tano ya game. Level ya chini. Ameshampa jina, Kandeke, na ameshasave.

Nikafungua begi. Nikashuka mpaka chini. Sûre haipo.

"Ulisema njo ya mwisho," akasema. "Zingine ziliisha. Basi nikatupa ya mwisho."

Nikataka kusema hakuna shida. Nikakaa kwenye mkono wa kochi. Halafu machozi, wakuu. Mtu mzima, mwenye ndevu, mbele ya mama mkwe wake, na kidude mkononi chenye picha ya kindege.

Espe akaacha kucheka. "Beau, pole. Lakini ni game tu, quand même."

Mama aliniangalia. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni tangu siku ile ya commune. Akavua miwani.

"Espe, enda utie maji ku moto."

Espe akaenda.

"Haulie juu ya mupira, hapana," akasema taratibu. "Noëlla iko na nini?"

Mama yangu alikuwa amenikataza. Lakini mtu akikuuliza vile utamdanganya kwa mdomo gani? Nikamwambia yote. Damu, hospitali, mtoto bado yumo, tusubiri.

Akafanya ishara ya msalaba. Akaweka mikono juu ya plâtre.

"Maman yako iko naye?"

"Iko naye, Maman. Tangu jana hajatoka hospitali."

"Analala wapi?"

"Chini. Ku mukeka, pembeni ya kitanda."

"Ku mukeka," akasema. Kama vile anapima kitambaa. "Yeye na umri yake, ku mukeka."

Halafu akasema, "Nipe namba yake."

Nikamwambia réseau hapa hakuna. Labda kwenye balcon, kile kibaraza cha ghorofani kwa jirani wa juu, pale mara nyingine inashika, lakini kuna ngazi.

"Nibebe."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Tutafute kiti, Maman..."

"Kiti ya nini? Wewe njo mutoto iko hapa. Nibebe."

Nikainama. Nikasikia mikono yake inapita mabegani mwangu, mguu wa plâtre umesimama pembeni kama mti, Espe anaushika. Alikuwa mwepesi. Sijui kwa nini nilidhani atakuwa mzito. Tukapanda ngazi hatua kwa hatua, jirani ametufungulia mlango macho yamemtoka.

Juu pale simu ikashika. Nikaweka sauti ya nje.

"Allô. Hapa ni maman ya Noëlla."

Upande wa pili mama yangu akaitika: "Salaam alaykum, dada yangu! Karibu. Nilijua tu Idi hawezi kunyamaza."

"Usimugombeze. Ni miye nilimuuliza." "Nasikia unalala chini kwa ajili ya mutoto yangu."

"Na mimi nasikia mwanangu anakulisha maharagwe yasiyo na chumvi."

"Chumvi hajue," mama mkwe akasema. "Hata kidogo."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wenye hofu. Halafu mama yangu akashusha sauti. "Sikiliza dada. Hapa amelala. Akiamka ananiambia nimkune mgongo, namkuna. Anataka uji, nampa uji. Anataka kulia, tunalia wote. Siendi popote. Wewe uguza mguu."

Mama mkwe akanirudishia simu, akajifunika uso na kitenge. Safari hii nilikaa pale pale karibu yake, wala hakuniambia niondoke.

Tulibaki kwenye ile balcon mpaka jirani akatuletea chai. Hapo ndipo alipozungumza. Bila mimi kumuuliza.

"Siku ya kwanza ulikuja kwetu, ulikuwa na viatu safi sana. Nikasema, huyu anatoka mbali. Huyu atamupeleka Uvira. Dini, ile ni maneno ya watu. Miye niliogopa barabara."

Akazungusha kikombe.

"Na ona, barabara yenyewe."

Nikamwongezea sukari, nilijua anapenda sukari nyingi.

Siku zilizofuata zilikuwa za kusubiri. Daktari wa Uvira aliagiza Noëlla alale tu, asiinuke hata kidogo. Kila asubuhi nambeba mama mpaka juu, tunapiga simu, tunashuka. Jirani akaacha kushangaa, akatuachia viti viwili pale nje.

Halafu mchana unakuwa mrefu. Mmeshawahi kusubiri habari mkiwa hamna la kufanya? Ukuta unauhesabu matofali.

Siku moja akauliza, "Sasa ile mupira ilikuwa ya nini?"

Nikamweleza. Pango, mnyama mkubwa, mara moja tu. Nikamwambia nimesimama mlangoni tangu ujana wangu.

Akanitazama kama mwanafunzi aliyeleta gauni bila mikono.

"Na haukuingia?"

"Sikuingia, Maman."

"Bon. Tutaingia. Tununue mipira mingi."

Tukanunua mingi, pesa zote za kwenye game zikaisha. Kandeke alikuwa ameshafunzwa siku nyingi, mama alikuwa hamtumii mwingine, kila vita ni Kandeke. Kimekuwa kikubwa, kina mdomo.

Tukaingia pangoni. Mimi ndiye nimeshika, yeye bega kwa bega anasema piga, acha, subiri. Yule mnyama akatokea, mkubwa kweli, muziki ukabadilika.

Tukamchosha. Tukatupa mpira, akatoka. Tukatupa, akatoka. Tukatupa, ukatikisika mara mbili mama ameshika mkono wangu kwa nguvu, akatoka. Mipira ikawa inaisha.

"Mupunguze nguvu tena kidogo," mama akasema. "Kidogo tu. Kandeke amuguse."

Nikamwambia ni hatari. Akasema, "Kandeke iko na adabu."

Kandeke hakuwa na adabu. Alimdonoa yule mnyama pigo moja la bahati, akaanguka, kioo kikang'aa, kimya. Pango tupu.

"Ameenda wapi?"

"Ameisha, Maman. Hatarudi tena."

Tukaangalia kile kindege kinapepea peke yake katikati ya pango.

"Kandeke ameua mufalme," akasema.

Sijui nani alianza kucheka. Mimi nilicheka mpaka tumbo likauma, yeye anafuta machozi na kitenge, anasema acha, mguu unaniuma, halafu anaanza tena. Espe alitoka jikoni na mwiko akadhani tumepata wazimu.

Wakuu, kitu nilichokiogopa miaka yote kilikuwa kimetokea, na chai yangu ilikuwa bado ya moto mezani.

Nisiwachoshe. Damu ya Noëlla ilikata. Alilala, akalala, akalala, mama yangu akamkuna mgongo mpaka kucha zikaisha. Mtoto akaja salama kule kule Uvira, msichana. Siku hiyo mama mkwe alikuwa ameshatolewa plâtre, lakini alikataa kupanda ngazi kwa miguu. Alisema habari kama hiyo anataka kuisikia akiwa amebebwa. Nikambeba.

Barabara ilipofunguka kidogo walipanda wote watatu, Noëlla, mtoto na mama yangu. Njiani, pale Luberizi, mama alisimamisha gari kununua mchele, eti hawezi kufika kwa mkwe mwenzake mikono mitupu. Walifika alasiri, vumbi mpaka kwenye kope.

Mimi nilienda kwa Noëlla. Sitaandika hapo, ni pa kwangu.

Ila niliwaona wale wazee wawili. Mama mkwe amesimama langoni na fimbo yake, mama yangu anashuka na gunia. Mama mkwe alimshika mikono, akaigeuza, akaiangalia viganja, halafu akaiweka kwenye mashavu yake mwenyewe. Wakasimama hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Ndani, mama yangu akaona kidude juu ya kochi. "Idi! Bado unacho hiki? Si ndicho kilikufelisha hesabu?"

Mama mkwe akakichukua kabla yangu. "Dada, hii sasa ni yetu wawili, miye na yeye."

Basi hiyo ndiyo stori yangu.

Somo? Nimelitafuta nikiandika na sijui kama nimelipata. Mimi nina shukrani tu. Namshukuru mama yangu kwa ule mkeka. Namshukuru Espe aliyeshika ule mguu kila siku ngazini. Namshukuru Mungu kwa mtoto anayelia sasa hivi chumba cha pili. Na namshukuru mama mkwe wangu kwa kuutupa ule mpira. Kama angeniuliza kwanza ningemkatalia, na labda mpaka leo tungekuwa tunaulizana chai kupitia kwa mtu wa tatu.

Kama kuna mtu humu anaishi na mkwe na hamsemeshani, sina ushauri mkubwa. Tafuteni kitu kidogo cha kufanya pamoja, hata kiwe cha kipuuzi. Mengine yatakuja au hayatakuja.

Wenye uzoefu kama huu mwagikeni, nitasoma zote.

Na kuna msaada naomba. Mama anarudi kwake Bagira wiki ijayo, mguu umekaa vizuri, na anataka kidude chake mwenyewe. Changu amekikataa, anasema hawezi kushirikiana na mtu anayelala bila kuchomeka chargeur. Mwenye nacho cha zamani kinachofanya kazi, awe Bujumbura, Kigoma au hapa Bukavu, anicheki PM.

Kiwe kizima tafadhali. Amekaa hapa pembeni yangu, ameshavaa miwani, ananiuliza kama kuna mtu ameshajibu.